Tarikhi ya Kusawazisha Picha Katika Kioo

Mtu anunuapo monita mpya ya kompyuta, akaitoa katika sanduku lake na kuiwasha juu ya meza, aghalabu huridhika na picha ya kwanza aionayo, kwa sababu ni picha yenye nuru kali na rangi zilizokolea, na jicho la mwanadamu huvutwa upesi na mambo mawili hayo. Lakini mara nyingi kioo hicho kimetoka kiwandani kikiwa kimepangwa ili kishindane na vioo vingine vilivyosimamishwa safu moja katika duka lenye taa nyingi, wala hakikupangwa kwa ajili ya chumba chenye dirisha moja na taa moja, ambamo mwenyewe atasoma, ataandika na kutazama picha za jamaa zake kwa miaka mingi. Ili akitoe katika hali ya duka na kukiingiza katika hali ya nyumba, hana budi kugusa vitufe vichache vilivyowekwa chini au nyuma ya ukingo wake: cha mwangaza, cha tofauti ya weupe na weusi, cha rangi, na cha ukali wa mistari. Vitufe hivyo ni vidogo na havina fahari, lakini nasaba yao ni ndefu, nayo inakaribia kutimiza miaka mia. Na yeyote atakayeifuata nasaba hiyo ataona kwamba watu wa kila zama walikuwa na njia nyingi za kuibadili picha, na walichokikosa daima ni shahidi wa kuwaambia mabadiliko yakome wapi.

Jicho, pamoja na utukufu wake wote, halifai kuwa shahidi huyo peke yake. Karatasi nyeupe ikisomwa adhuhuri barazani huonekana nyeupe, na ikisomwa usiku kwa kibatari huonekana nyeupe vilevile, ingawa nuru inayotoka juu yake katika saa hizo mbili ina rangi zilizo mbalimbali kabisa. Akili huisahihisha tofauti hiyo pasipo kumwarifu mwenye jicho. Ndiyo sababu mtu akikaa mbele ya kioo kilichozidi ubuluu, baada ya muda mfupi hukiona kuwa ni cheupe, na akiletewa kioo kilicho sawa huapa kwamba hicho cha pili kina umanjano. Wafanyabiashara wa pwani walilielewa jambo hili zamani katika biashara ya nafaka, wakakubaliana juu ya pishi na kibaba, ili hitilafu ikitokea baina ya muuzaji na mnunuzi, chombo cha kupimia ndicho kiamue. Tarikhi ya kusawazisha picha ni tarikhi ya kutafuta kipimo cha namna hiyo katika nuru, na ya ikhtilafu zilizozuka kila kipimo kilipobadilishwa.

Asili ya mambo yote ni chupa. Mwaka 1897, Karl Ferdinand Braun, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, alitengeneza chupa ndefu ya kioo iliyotolewa hewa, ambamo miale ya kathodi ilirushwa kutoka shingoni hadi kwenye uso uliopakwa dawa ya kung'aa, na ikapindwa kwa nguvu za sumaku kwenda huku na huku. Mwenyewe hakukusudia picha. Alitaka kuuona kwa macho mwendo wa umeme unaobadilika. Wengine ndio waliokuja baadaye wakaona kwamba nukta ile ya nuru, ikienda mstari baada ya mstari kwa kasi kubwa, yaweza kuchora wajihi wa mtu. Mwaka 1926 John Logie Baird aliwaonyesha wataalamu wa London picha zilizopatikana kwa sahani yenye matundu iliyokuwa ikizunguka, na mwaka uliofuata Philo Farnsworth, kijana wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi San Francisco, alipitisha picha ya mstari mmoja bila ya sahani wala kitu chochote chenye kuzunguka. Tarehe 2 Novemba 1936, BBC ilipoanza matangazo yake ya kawaida ya televisheni katika jumba la Alexandra Palace, mifumo miwili ilipewa zamu: ule wa Baird wenye mistari 240, na ule wa Marconi-EMI wenye mistari 405, ambao kabla ya miezi mingi kupita ulimshinda mwenziwe.

Mpokeaji wa televisheni wa siku zile alikuwa nusu mtazamaji na nusu fundi. Mitambo ya ndani ilikuwa ya taa za kioo ambazo tabia yake hubadilika zipatapo moto, na umeme wa mtaani haukuwa na nguvu moja asubuhi na jioni. Kwa hiyo picha iliyonyooka saa moja yaweza kuwa imeanza kupanda juu kama pazia saa mbili, au kupinda, au kusinyaa pembeni. Palikuwa na vifundo vya kuzungusha kwa mkono, vingine mbele na vingine nyuma, vya kuizuia picha isikimbie, vya kuongeza urefu na upana wake, na vya kuikaza ili mistari isitawanyike. Katika hivyo vyote, viwili ndivyo vilivyodumu na kuturithisha majina yao mpaka leo, navyo ni cha mwangaza na cha tofauti. Na tangu mwanzo majina hayo yaliwapoteza watu.

Maana, katika kioo cha chogo, yaani kile cha chupa ya Braun, kifundo kilichoandikwa mwangaza hakikuwa na amri ya pekee juu ya weupe. Kilipandisha na kushusha picha nzima kwa pamoja, na kazi yake ya haki ilikuwa kuuweka weusi mahali pake, ili kilicho cheusi kiwe cheusi kweli na kinachoukaribia weusi kiendelee kuonekana. Kifundo cha tofauti ndicho kilichonyoosha masafa baina ya weusi na weupe, na kwa hiyo ndicho kilichotawala ukali wa nuru. Aliyetaka picha yenye kung'aa akazungusha cha kwanza, alipata usiku wenye rangi ya majivu. Na aliyekishusha kupita kiasi alimwona mtu aliyevaa koti jeusi akimezwa na giza la nyuma yake, pakabaki uso na viganja vinavyoelea. Utaratibu sahihi ulikuwa kuweka weusi kwanza, kisha weupe, kisha kuurudia weusi, kwa kuwa kila kimoja humsukuma mwenziwe. Na utaratibu huo, ambao mafundi walifundishana kwa mdomo na kwa vijitabu, ungali ndio msingi wa kazi hii hata leo.

Lakini mtu aweke weusi kwa kuangalia nini? Picha za michezo na habari hazikuwa na ithibati, kwa kuwa mtazamaji hakujua zilivyokuwa huko zilikotoka. Hapo ndipo vituo vya matangazo vilipobuni kadi ya kupimia, yaani picha moja isiyotikisika, ambayo kila mstari wake una kazi, iliyorushwa hewani katika saa zisizo na vipindi ili wenye maduka na mafundi wapate kusawazisha vioo kwa kuitazama. Mashuhuri kati ya kadi za mwanzo ni ile ya kampuni ya RCA ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1939, yenye kichwa cha mzaliwa wa asili wa nchi hiyo aliyevaa taji la manyoya. Duara zake zilipimia umbo, kwani zikionekana mfano wa yai, urefu au upana umekosewa. Mistari yake iliyokaribiana kidogo kidogo ilipimia ukali, kwani pale ilipoungana na kuwa ukungu ndipo mwisho wa uwezo wa kioo. Na ngazi zake za kijivu zilipimia weusi na weupe, kwani kila ngazi ilipaswa kutengana na jirani yake. Yule mwenye taji naye alikuwapo kwa hoja: manyoya na makunyanzi ya uso yana vivuli vyepesi ambavyo mistari mitupu haiwezi kuwa navyo.

Rangi zilipoingia, shida iliongezeka maradufu. Mfumo wa NTSC, ulioidhinishwa na serikali ya Marekani mnamo Desemba 1953, uliibeba rangi katika mwelekeo wa wimbi lililopakiwa juu ya picha ya weupe na weusi, na wimbi hilo lilipotikiswa njiani kwa sababu yoyote, nyuso za watu ziligeuka kijani au zambarau. Kwa sababu hiyo televisheni za Marekani zilipewa kifundo kingine, cha kuzungushia rangi zote kwa pamoja mpaka ngozi ya msomaji wa habari ifanane na ngozi ya mtu, na kifundo hicho kilizusha ugomvi katika aila nyingi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na rai yake; wahandisi wenyewe walifanya mzaha kwamba herufi zile nne zina maana ya kuwa rangi haitakuwa ileile mara mbili. Huko Ulaya, Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken alisanifu mfumo wa PAL, ambao huugeuza mwelekeo wa wimbi katika kila mstari wa pili ili kosa la mstari mmoja lifute kosa la mstari wa jirani. Ujerumani ya Magharibi iliuanzisha rasmi mwezi Agosti 1967, Uingereza ikiwa imekwisha kuanza mwezi Julai, ilhali Wafaransa walifuata mfumo wao wa SECAM. Katika nchi za PAL kifundo cha kuzungushia rangi hakikuhitajika tena, na hilo lilikuwa jambo kubwa: kwa mara ya kwanza sehemu ya hukumu iliondolewa mikononi mwa mtazamaji ikatiwa ndani ya mtambo.

Mwezi huohuo wa Julai 1967 BBC ilianza kuonyesha kadi ambayo huenda ndiyo iliyotazamwa kwa saa nyingi kuliko picha yoyote ya mtu katika televisheni. Mhandisi George Hersee aliisanifu, na katikati yake akaweka picha ya binti yake Carole, mwenye umri wa miaka minane, ameketi karibu na ubao wa chaki na mwanasesere wa kuchekesha. Alama moja iliyochorwa katika ubao ule ilikuwa ndiyo kitovu kamili cha picha, ili fundi ajue kama kioo kimekaa katikati. Kingo zilikuwa na alama za kuonyesha iwapo picha imekatwa. Na mtoto mwenyewe aliwekwa kwa sababu watazamaji wote, wenye elimu na wasio nayo, hutambua upesi kosa la rangi katika ngozi ya mtu kuliko katika mraba mwekundu.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii kwa njia zisizofanana. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, zote kwa weupe na weusi. Zanzibar ilianza mwaka 1973, nayo ikaanza kwa rangi moja kwa moja, ikatangulia nchi zote za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni, wala haikupata mpaka mwaka 1994. Kwa kuwa mfumo uliochukuliwa ulikuwa PAL, Mzanzibari hakurithi ugomvi wa Wamarekani juu ya nyuso za kijani. Taabu zake zilikuwa antena iliyogeuzwa na upepo wa kusi, chenga zilizotanda kila mawimbi yalipodhoofika, na umeme uliopanda na kushuka. Na fundi wa mtaani aliyeitwa kutengeneza kioo alijifunza kuyapambanua magonjwa ya hewani na magonjwa ya ndani ya chogo, elimu ambayo haikuwa na cheti lakini ilikuwa elimu ya haki.

Katika studio, wenye kazi hawakuridhika na uso wa mtoto peke yake. Walitumia mistari mipana ya rangi iliyosimama wima, ambayo mpangilio wake mashuhuri uliwekwa kuwa kanuni na jumuiya ya wahandisi wa Marekani iitwayo SMPTE mwaka 1978, na ndani yake wakatia hila waliyoianzisha wahandisi wa BBC: vipande vitatu vidogo, kimoja cheusi kuliko weusi, kimoja kilicho sawa na weusi, na kimoja chenye nuru kidogo sana kupita weusi. Kifundo cha mwangaza kilishushwa mpaka kipande cha kwanza kikalingana na cha pili kisionekane, huku cha tatu kikibaki dhahiri. Hapo weusi umekaa mahali pake, na hakuna haja ya kubishana. Kwa upande wa rangi, fundi alitazama mistari ileile kupitia kipande cha kioo cha buluu, akarekebisha mpaka mistari fulani ikawa na mng'ao mmoja, na kwa hila hiyo jicho lilinyang'anywa kazi ya kuhukumu rangi, ambayo ni dhaifu kwayo, likaachiwa kazi ya kulinganisha mwanga, ambayo ni hodari kwayo.

Kompyuta zilipokuja hazikukusudia picha, na kwa hiyo hazikurithi adabu hizi mara moja. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilipouzwa kwa kazi za ofisi iliambatana na monita yenye maandishi ya kijani juu ya weusi, na vifundo viwili vilitosha. Mwaka 1987 kampuni hiyohiyo ilitoa kanuni ya VGA, iliyoweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja katika picha yenye ukubwa mdogo, na tangu hapo picha za watu zilianza kuonekana katika meza za waandishi wa hesabu. Monita za chogo za miaka ya 1990 zilikuwa na orodha ndefu ya marekebisho: ya kunyoosha kingo zilizobonyea ndani, ya kusahihisha picha iliyo pana juu na nyembamba chini, ya kuizungusha picha iliyolala upande. Palikuwa na kitufe cha kuondoa usumaku, ambacho kikibonyezwa kioo chote hutikisika na kutoa mngurumo, na doa la zambarau lililosababishwa na spika iliyowekwa karibu hutoweka. Wenye monita za Trinitron, ufundi wa Sony wa mwaka 1968, walilalamika juu ya mstari mwembamba wa kivuli uliokatiza kioo chao, nao haukuwa ugonjwa, bali ni kivuli cha waya ulioshikilia nyuzi za chuma ndani. Na wengi waliumwa kichwa pasipo kujua kwamba kioo chao kimeachwa kuchora picha mara 60 kwa sekunde, na kwamba kukipandisha hadi mara 75 au 85 kungeuondoa mpepeso uliowatesa.

Chini ya hayo yote palikuwa na jambo la hisabati ambalo watumiaji wachache walilijua. Chupa ya Braun haitoi nuru kwa uwiano wa moja kwa moja na ishara inayopewa. Nusu ya ishara hutoa takriban humusi moja tu ya nuru, na uhusiano huo wataalamu huuita gama, ambayo kiwango chake katika kompyuta kilizoeleka kuwa 2.2. Kwa bahati njema jicho nalo lina mwelekeo unaokaribia kinyume cha huo, likiona tofauti ndogo gizani vyema kuliko katika nuru kali, hata kasoro ya chombo ikageuka kuwa faida. Lakini kompyuta za Macintosh zilipangwa kwa gama ya 1.8, ili kioo kifanane na matokeo ya mashine za kuchapia za Apple, na zikaendelea hivyo mpaka mwaka 2009. Kwa hiyo picha iliyosawazishwa vizuri katika Macintosh ilifunguka katika kompyuta ya Windows ikiwa na giza lililozidi, na iliyosawazishwa katika Windows ikafunguka katika Macintosh ikiwa imepauka. Wachoraji walilaumiana kwa miaka mingi, kila mmoja akiamini kwamba mwenziwe hana jicho, ilhali wote wawili walikuwa wakweli kwa kipimo chao.

Suluhu ilitafutwa kwa itifaki. Mwaka 1993 kampuni kadhaa, zikiwamo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda baraza la kimataifa la rangi, ili kila chombo kiandikiwe wasifu wake, yaani jedwali linaloeleza kioo fulani huonyeshaje rangi fulani, na programu iweze kutafsiri baina ya chombo na chombo. Mwaka 1996 Microsoft na Hewlett-Packard zilipendekeza kipimo kimoja cha kawaida kiitwacho sRGB, kilichokubaliwa na tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme mwaka 1999: weupe wake ni ule wa nuru ya mchana ya takriban kelvini 6,500, na ung'avu wake ni kandela 80 kwa kila mita ya mraba, kadiri inayofaa chumba chenye taa hafifu. Hivyo kadi iliyokuwa ikirushwa hewani kwa watu wote ilihamia ndani ya faili, nayo ikawa haionekani. Na kisichoonekana ni rahisi kusahauliwa.

Wakati itifaki hizo zikiandikwa, chogo chenyewe kilikuwa kinakaribia mwisho wake. Mnamo Desemba 1970, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa katika kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, waliomba hataza ya namna ya kuzisokotoa kwa umeme fuwele za kimiminika zilizosokotwa, ili zizuie au zipitishe nuru, na kutokana na ufundi huo zilizaliwa monita bapa ambazo katika miaka ya 2000 zilizifukuza monita za chogo katika maofisi. Kioo bapa hakina umbo la kunyoosha wala usumaku wa kuondoa, lakini kilileta masharti mapya. Kina hesabu yake maalumu ya pikseli, na kikilazimishwa kuonyesha hesabu nyingine maandishi hufifia. Ndiyo sababu shauri la kwanza kwa mwenye monita mpya ni kuiachia kompyuta ukubwa wa picha ule ambao kioo kilizaliwa nao. Kikiunganishwa kwa waya wa VGA huhitaji kutambua kila pikseli inaanzia wapi katika wimbi, na kikikosea herufi hutetemeka na kuwa na vivuli. Kitufe kilichoandikwa Auto kiliwekwa kwa ajili hiyo, na waya za kidijitali zilizofuata baada ya mwaka 1999 zikaiondoa taabu hiyo moja kwa moja.

Jambo la ajabu kuliko yote lilitendeka kimyakimya. Kitufe cha mwangaza, kilichokuwa na kazi ya kuweka weusi kwa muda wa miongo saba, katika kioo bapa kilipewa kazi nyingine: kuongeza na kupunguza nuru ya taa iliyo nyuma ya fuwele. Jina likabaki, amri ikabadilika. Fundi mzee aliyezoea kushusha mwangaza ili apate weusi alikuta kioo chote kikififia, na weusi haukuzidi kuwa weusi kwa kulinganishwa na weupe. Na kijana asiyejua chogo hakuelewa kwa nini vitabu vya zamani vinamwambia aanze na mwangaza ili aone vivuli. Leo mwangaza hupangwa kwa kuangalia chumba: karatasi nyeupe huwekwa kando ya kioo, na kioo hushushwa mpaka weupe wake ukaribiane na weupe wa karatasi. Katika vyumba vya nchi za jua kali, ambamo madirisha huachwa wazi mchana kutwa, kulisogeza dirisha ubavuni mwa monita kwa kuigeuza meza hufaa kuliko kupandisha kitufe hadi mwisho, kwa sababu nuru ya nje ikipiga usoni mwa kioo huua weusi, na hakuna kitufe kinachoweza kuufufua.

Baada ya hapo kazi hufuata mpango uleule wa kadi za zamani. Kioo huachwa kiwake kama nusu saa ili kitulie. Weupe huchaguliwa katika orodha ya monita, kelvini 6,500 au neno sRGB likiwapo. Kisha hutazamwa ngazi za kijivu, ili ngazi ya mwisho ya weupe isiungane na iliyo kabla yake, na ngazi ya kwanza ya weusi isiungane na inayofuata. Windows, tangu toleo la 7 la mwaka 2009, ina programu ya kumwongoza mtu hatua kwa hatua katika gama, mwangaza, tofauti na mizani ya rangi. Na kwa anayeishi kwa picha, kama vile mpiga picha wa arusi au msanifu wa mabango, kipo kijidude cha kuning'iniza juu ya kioo, kinachosoma rangi zitolewazo na kuandika wasifu wake, ambacho gharama yake hurudi siku ya kwanza mteja anapodai kwamba nyekundu ya bango si nyekundu aliyoikubali.

Hata hivyo, kipimo kilichokubaliwa si lazima kiwe kipimo cha insafu. Kadi zilizopelekwa na Kodak kwa maabara za picha tangu miaka ya 1950, ili ngozi zitoke sawa, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na mafundi wakaziita zote kwa jina la Shirley. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameeleza jinsi malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, waliotaka rangi zao za udongo zionekane, yalivyosaidia filamu kurekebishwa, na jinsi kadi zenye watu wa ngozi mbalimbali zilivyochelewa hadi miaka ya 1990. Mtoto wa kadi ya BBC naye alikuwa mweupe. Hakuna aliyewadhamiria Waafrika ubaya kwa kadi hizo, lakini mtambo huonyesha vyema kile ulichopimiwa. Uso mweupe hukaa juu katika ngazi za kijivu, na uso mweusi hukaa chini, karibu na pale ambapo weusi ukishushwa kidogo tu kila kitu huungana; kwa hiyo kioo kilichowekwa ovyo humdhulumu kwanza mtu mweusi, akapotewa na mashavu na mstari wa nywele, huku aliye karibu naye akitoka salama.

Kwa sababu hiyo, ufundi wa kuweka weusi, ambao watu wengi huuona kuwa ni mambo madogomadogo ya wataalamu, kwetu sisi ndio kiini cha kazi yote. Anayesawazisha kioo chake Mombasa, Tabora au Bukavu na afuate ngazi za kijivu na kelvini 6,500 kama wengine, kwa kuwa bila ya itifaki hiyo picha yake haitaeleweka kwa mwingine. Kisha aongeze katika picha zake za kupimia uso wa mtu wa kwao, mmoja juani na mmoja kivulini, wala asiridhike mpaka nywele zimetengana na paji la uso katika zote mbili. Kipimo kilichowekwa na wachache kikakubaliwa na wengi kinaendelea kuwa na haja ya kupimwa upya, na wenye haki ya kwanza ya kukipima ni wale ambao nyuso zao hazikuwapo kilipokuwa kikiwekwa.